Usingoje breki zilie ndio ukumbuke fundi

Wengi wetu hapa Nakuru tunajua dalili moja tu ya breki mbovu, ile kelele nyembamba ukikanyaga. Na ni dalili nzuri, juu pedi nyingi huwekwa kachuma kadogo kanakoanza kugusa disk, ile sahani ya chuma ambayo pedi hubana, zikibaki nyembamba, milimita 2 au 3 hivi, ndio usikie mapema. Ukipuuza inageuka mkwaruzo wa chuma kwa chuma na hapo unanunua pedi na disk pamoja. Lakini hiyo hata abiria anaisikia. Mimi naogopa ile ya kimya, pedali ikianza kwenda chini.

Chukua ule mteremko wa kutoka Mau Summit kupitia Sachangwan mpaka Salgaa. Dereva akishuka na gia kubwa, au mbaya zaidi aweke gari free ati anaokoa mafuta, breki ndizo zinafanya kazi yote, disk zinapata moto na huo moto unafika kwa mafuta ya breki. Sasa hayo mafuta hunyonya unyevu wa hewa polepole. DOT 4, aina moja ya hayo mafuta, ikiwa mpya lazima ivumilie angalau nyuzi 230 kabla ichemke, lakini ikishaingia maji kiwango hicho kinashuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea, so unakanyaga mguu unafika chini kabisa na gari haisikii. Ule ukuta wa katikati pale Salgaa unazuia gari kuvuka upande wa pili, haurudishii mtu breki. Halafu zikipoa zinarudi, kesho fundi anaangalia anakwambia ziko sawa!

Ndio maana nawaomba mbadilishe mafuta ya breki kila miaka 2 hata kama pedi ni mpya. Kubadilisha, si kuongezea, juu yakipungua ni pedi zimeisha ama kuna mahali yanavuja na fundi anayejaza tu bila kutafuta hajakusaidia.

Ukisikia harufu ya kuungua mteremkoni, tafuta mahali salama usimame zipoe, usizimwagie maji. Kama ni gurudumu moja tu lina moto na gari inavuta upande, mara nyingi kalipa, ile inayobana pedi kwa disk, imekwama. Usukani ukitetemeka ukikanyaga, angalia disk.

Na wale mnapakia watoto kwenda ushago Kakamega ama Siaya, fanyeni hii kabla ya kutoka. Injini ikiwa imezimwa kanyaga breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu, shikilia, washa gari. Pedali inafaa ishuke kidogo halafu isimame. Isiposhuka, busta, ile inayokuongezea nguvu ya kukanyaga, iangaliwe. Ikizidi kushuka pole pole bila kusimama, mafuta yanavuja ama masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, imechoka, na hiyo gari isitoke kwa geti, tafadhali, hata kama mizigo ishafungwa pandeni matatu.