Vipandio 99 vya Pikeville

Kutoka Lexington hadi Pikeville, mji wa chuo kikuu nilichokuja kukiona, ni zaidi ya kilomita 200, na jimbo la Kentucky, huko Marekani, linakubadilikia njiani. Kwanza kuna mashamba ya farasi na uzio mrefu usiokwisha. Ukishaingia barabara kuu ya Mountain Parkway, vilima vinasogeleana, na nyumba zinajipanga mstari mmoja kandokando ya vijito kwa kuwa hakuna pengine pa kuzijenga. Hii ni Appalachia, nchi ya milima ya mashariki mwa Marekani, ile ya makaa ya mawe. Anayetarajia vilele vya theluji atavunjika moyo, maana milima hii si mirefu. Imebanana tu, na kila bonde lina ulimwengu wake.

Kipande cha mwisho nilipita barabara ya US 23, iliyopewa jina la Country Music Highway kwa wingi wa wanamuziki waliotoka maeneo inakopita. Loretta Lynn alizaliwa Butcher Hollow. Dwight Yoakam na Patty Loveless ni wazaliwa wa Pikeville penyewe.

Kabla ya kwenda chuoni nilipanda bustani ya Bob Amos kutazama mlima uliokatwa. Naam, uliokatwa. Zamani mto Levisa Fork uliuzunguka mji na kuufurikia, huku treni za makaa zikipita katikati ya makazi na kuacha vumbi. William Hambley, daktari aliyekuwa pia meya, alishikilia kwamba dawa ni kuupasua mlima. Kazi ilianza 1973 ikaisha 1987. Waliondoa mwamba na udongo wa takriban meta za ujazo milioni 14, kisha wakapitisha mto, reli na barabara pamoja katika pengo hilo. Nilisimama pale juu muda mrefu kuliko nilivyopanga. Malori makubwa yalipita chini yakionekana kama siafu.

Chuo Kikuu cha Pikeville chenyewe kiko ubavuni mwa kilima, juu kabisa ya maduka na mahakama, na kutoka mjini unakifikia kwa vipandio 99. Nilianza kwa mbwembwe. Nusu ya njia nikajifanya napiga picha ili nipumue, wakati wanafunzi wananipita wakiongea na simu, hata hawahemi.

Wapresbiteri ndio waliokianzisha, mwaka 1889. Tarehe hiyo ina uzito wake, kwa sababu ulikuwa wakati wa uhasama wa Hatfield na McCoy, koo mbili zilizouana kwa miaka mingi. Februari 1890, shule ikiwa bado changa, Ellison Mounts, wa upande wa Hatfield, alinyongwa katika mji huuhuu kwa mauaji ya uhasama huo. Wageni wengi huja Pikeville kutafuta habari hizo, na kaburi la mzee Randolph McCoy, mkuu wa ukoo wa McCoy, liko hapa mjini, katika makaburi ya Dils. Mimi naona shule ndiyo habari kubwa zaidi. Watu walikuwa wakiuana, na bado kuna waliofikiria madarasa.

Chuo hiki ni cha binafsi, na msingi wake ni elimu pana: historia, fasihi, dini, sayansi, hisabati. Kuna watakaouliza falsafa itamsaidia nini mtoto wa bonde ambalo mgodi wake umefungwa. Ningewajibu kwamba mahali palipoishi kwa kazi ya aina moja kwa vizazi ndipo panapohitaji zaidi watu waliozoea kufikiri juu ya mambo mengi. Makaa hayajasahaulika, lakini. Paul Patton, mfanyabiashara wa makaa aliyewahi kuwa gavana wa Kentucky, ndiye aliyekuwa akikiongoza chuo kilipopandishwa hadhi kuwa chuo kikuu mwaka 2011.

Kilichonileta hasa ni udaktari. Vijijini huku, tatizo la miaka mingi limekuwa kwamba kijana akienda kusomea utabibu mji mkubwa, mji unamchukua moja kwa moja. Basi mwaka 1997 Pikeville ilifungua shule yake ya udaktari wa osteopathia, tawi la utabibu linaloutazama mwili mzima, mifupa na misuli pamoja, ambalo huko Marekani linampa mhitimu leseni kamili ya kutibu, kuandika dawa hata kupasua. Shule ya tiba ya macho ikafuata 2016. Hoja yake ni nyepesi kueleza: mfundishe mtu karibu na wagonjwa wa kwao, azoee mapafu ya wachimbaji na kisukari cha wazee, huenda akabaki. Hakuna wa kumfunga kamba, bila shaka.

Kwenye benchi la juu nilizungumza na binti wa mwaka wa tatu anayesoma baiolojia, kwao ni bonde moja la kaunti hiihii. Babu yake alichimba makaa. Anataka kuendelea na udaktari hapahapa, na alinitajia zahanati ambayo angependa kufanya kazi, ile aliyokuwa akipelekwa alipokuwa mdogo. Nikamuuliza kama kweli atabaki. Alicheka kidogo, akasema yeye yuko tayari, kazi ya daktari ipo. Mchumba wake ni fundi wa mitambo ya migodini, na kwa sasa anafanya kazi jimbo jingine.