Kizunguzungu cha mzee anapoamka kitandani

Mzee akilalamika kizunguzungu, usikimbilie kumkorogea chai ya sukari. Muulize kwanza: chumba kinazunguka, au macho yanaingia giza? Majibu hayo yana tiba tofauti kabisa.

Chumba kikizunguka anapogeuka kitandani, kisha kikatulia kabla ya dakika moja, mara nyingi chembe ndogo za chokaa za sikio la ndani zimehama mahali pake. Vidonge havizirudishi. Daktari au mtaalamu wa fiziotherapia humlaza na kumgeuza kichwa kwa hatua mpaka zirudi.

Macho yakiingia giza akisimama, mpime presha. Alale dakika 5, pima; asimame, pima tena dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, mpelekeni kwa daktari pamoja na dawa zake zote, hasa za presha. Asiziache mwenyewe.

Usiku unanitia hofu zaidi. Kabla ya kwenda chooni akae ukingoni mwa kitanda, ainue visigino na vidole mara 10 hivi, damu ipande, ndipo asimame akishika kitu kisichosogea. Kiti cha plastiki hakifai, kinateleza naye. Ondoeni mkeka uliojikunja pembe na ndala zilizolika soli.

Kizunguzungu kikija na mdomo kupinda, ulimi mzito au mkono kulegea, hospitali saa hiyo hiyo.