Jinsi nilivyoifuata njia ya Moon na Bridgeman katika delta ya Rufiji

Tarehe 6 Januari 1917 ndege ya majini ya Waingereza, yenye viti viwili na maboya badala ya magurudumu, iliruka kwenda kupeleleza delta ya Rufiji na haikurudi tena. Rubani wake alikuwa Edwin Rowland Moon, mwenyeji wa Southampton aliyekuwa amejitengenezea ndege yake mwenyewe kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwangalizi wake alikuwa Kamanda Richard Bridgeman wa jeshi la majini. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari mkoani Pwani, na nilitaka wanafunzi wangu waelewe mambo yaliyowapata watu hao wawili baada ya ndege kushuka, siku kwa siku, na ikiwezekana saa kwa saa. Naandika hapa namna nilivyolifanikisha jambo hilo, kwa kuwa msaada mkubwa niliupata mahali ambapo vitabu vya vita haviendi.

Nilianzia kwenye maelezo ya nishani aliyotunukiwa Moon, yaliyochapishwa katika gazeti rasmi la serikali ya Uingereza. Ni maelezo mafupi, lakini yana tarehe. Yanasema kwamba injini ilileta hitilafu, wakalazimika kushuka katika mojawapo ya hori za delta, na wakaiharibu ndege wenyewe ili isiangukie mikononi mwa Wajerumani. Kwa siku tatu walitangatanga wakikwepa kukamatwa na kutafuta njia ya kurudi melini, karibu bila chakula, wakivuka hori moja baada ya nyingine kwa kuogelea kwa sababu msitu wa kando haukupitika. Asubuhi ya tarehe 7 waliunda chelezo kwa nguzo tatu na fremu za madirisha ya kimiani. Tarehe 7 na 8 walishinda juu yake wakipiga kafi na kuchukuliwa na maji, na asubuhi ya tarehe 9 wakatolewa baharini, ambako Bridgeman, asiyekuwa mwogeleaji hodari, alifariki kwa uchovu na kwa kukaa majini muda mrefu. Moon alifika ufukweni siku hiyohiyo, jioni ikikaribia, na huko akatekwa.

Wanafunzi wangu waliijua delta hii kwa habari za manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha humo hadi ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Kabla ya Moon, ndege nyingine zilikuwa zimekwisha kuanguka katika maji hayohayo. Dennis Cutler, rubani wa kiraia aliyekodiwa na Waingereza, alitekwa humo mwezi Desemba 1914. Cull na Arnold, waliokuwa wakiziongoza kutoka angani shabaha za manowari za Kiingereza Severn na Mersey, waliangushwa siku ileile ya mwisho wa Königsberg, nao wakaokolewa na mashua ya Mersey. Tofauti ni kwamba Cull na Arnold walianguka karibu na wenzao. Mwaka 1917 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts lilikuwa likisonga kuelekea Rufiji kutoka bara, na delta ilikuwa bado mikononi mwa Wajerumani, kwa hiyo Moon na Bridgeman walishuka mahali ambapo hapakuwa na mashua ya kuwafuata.

Swali lililonishughulisha lilikuwa moja. Ilikuwaje watu wawili wapige kafi siku mbili nzima bila kufika popote, halafu asubuhi ya tatu watolewe baharini kwa mara moja, na yule aliyenusurika arudishwe pwani siku hiyohiyo kabla ya usiku? Maelezo ya nishani hayasemi sababu. Nilihisi kwamba jibu lilikuwa majini, na mtu akitaka kuyajua maji ya pwani yetu lazima kwanza aujue mwezi.

Nilizigeuza tarehe zile kuwa za Hijria. Kwa hesabu ya kalenda, tarehe 6 Januari 1917 iliangukia 12 Mfungo Sita mwaka 1335, siku ya Maulidi, ingawa kuandama kwa mwezi kungeweza kuisogeza kwa siku moja. Tarehe 8 ikawa mwezi kumi na nne, yaani siku ya kumi na nne tangu mwezi kuandama. Ili nisitegemee hesabu moja, niliipima kwa njia nyingine: kila baada ya miaka 19 mwezi huwa umerudi kwenye tarehe ileile au iliyo jirani yake, na nilipozitazama kalenda za 1974, 1993 na 2012 nilikuta mwezi mpevu umeangukia tarehe 8 au 9 Januari. Basi watu hawa walikuwa juu ya chelezo katika bamvua, siku ambazo maji ya pwani hii hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu.

Nilikwenda Nyamisati, kijiji cha wavuvi katika delta, nikiwa na daftari langu, nikaelekezwa kwa nahodha mmoja mzee ambaye ameivua delta hii maisha yake yote. Baada ya shikamoo na marahaba, na kunijulia hali yangu na ya nyumbani, nilimuuliza bila kumtajia vita wala ndege: mtu akiwa juu ya chelezo katika mikono ya mto, mwezi kumi na mbili hadi kumi na tano, wakati wa kaskazi, atafika wapi?

“Hafiki, mwalimu,” alinijibu. “Maji yatamteremsha saa sita, yatampandisha saa sita. Akilala atajikuta alipoanzia. Ila akiwa karibu na mlango wa mto siku za bamvua, maji yakigeuka alfajiri yatamtoa nje, na kafi haitamsaidia.”

Nikamwomba anipe saa. Akasema kwamba mwezi ukiwa mpevu maji hujaa kiasi cha saa kumi au saa kumi na moja alfajiri, huanza kutoka, na ikifika saa nne au saa tano asubuhi yamekauka. Kisha hujaa tena mpaka saa kumi na moja jioni. Nilipoziweka saa hizo kando ya maelezo ya nishani, kila kitu kilikaa mahali pake. Tarehe 9 asubuhi walitolewa na maji ya kupwa. Moon alirudishwa pwani na maji ya kujaa ya alasiri, na upepo wa kaskazi ukivuma kutoka baharini kuelekea nchi kavu. Bridgeman alikufa katikati ya mikondo hiyo miwili, na naamini kwamba laiti angestahimili saa chache zaidi, maji yaleyale yangembeba naye.

Nahodha alinipakia katika mashua yake tukaingia horini maji yakiwa yanatoka, ili nione kwa nini hawakutembea. Mizizi ya mkoko imepindana kama vikapu vilivyopinduliwa, tope chini yake humeza mguu hadi gotini, na nyuma ya mikoko kuna michu na mikomafi iliyosongamana kiasi kwamba mtu haoni hatua kumi mbele. Maji ni ya chumvi na hayanyweki. Mamba wamo, viboko wamo. Nilimweleza habari ya zile nguzo tatu, naye akakata kipande cha mkoko mbichi na kukitupa majini. Kilizama mbele yangu. Akatupa kipande cha fito kavu iliyokuwa ndani ya mashua, kikaelea. Chelezo chao, alisema, hakikuwa cha miti waliyoikata msituni. Walipata mbao kavu, na mbao kavu hupatikana penye nyumba.

Maneno hayo yalinifanya niyatazame upya yale madirisha ya kimiani. Dirisha halioti katika mikoko. Lilikuwa la nyumba ya mtu, na mtu huyo, kama watu wote wa Rufiji wakati ule, alikuwa katikati ya majeshi mawili yaliyokuwa yakichukua chakula, mitumbwi na wapagazi. Maelezo ya nishani yanautaja ushujaa wa Moon katika kujaribu kumwokoa mwenzake, na sioni sababu ya kuutilia shaka, kwa kuwa kuogelea mara kwa mara katika hori zile ukiwa na mwenzako asiyejiweza majini ni kazi nzito mno. Hata hivyo, katika somo langu nimempa nafasi pia mwenye nyumba.

Darasani sasa nawagawia wanafunzi tarehe za maelezo ya nishani upande mmoja wa karatasi na saa za nahodha upande wa pili, pamoja na ramani ya milango ya Rufiji, nao huchora wenyewe njia ya chelezo kwa mishale ya kupwa na kujaa. Makundi hubishana sana juu ya usiku wa tarehe 8: wengine husema walikuwa wamefika mlangoni tayari wakajishikiza kwenye mikoko, wengine husema maji ya kujaa yaliwarudisha ndani kwa mara ya mwisho. Nawaacha wabishane, mradi kila kundi lithibitishe hoja yake kwa saa za maji. Bamvua ya Januari ijayo tumekubaliana na nahodha awapokee Nyamisati, wayaone maji yakigeuka.