Starlet, breki na mguu wa kulia: kumbukumbu ya mradi wangu

Lengo la mradi huu ni moja: kuwa dereva mzuri zaidi kwenye uwanja uliofungwa, kwa gari nililo nalo, bila kugusa pesa ya kodi wala karo. Gari ni Toyota Starlet EP82, injini ya 4E-FE ya cc 1,331, gia za mkono. Nairobi tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15. Injini isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kusukumia injini hewa ya ziada) hupoteza nguvu karibu kiasi hicho hicho. Kuifukuzia nguvu hiyo kwa spea ni gharama isiyoisha, kwa hiyo injini nimeiacha kama ilivyo. Pesa inaenda kwenye breki, matairi na muda wa kuendesha.

Breki zilitangulia. Fundi alifungua kikopo cha mafuta ya breki, akachovya kidole, akaninyooshea. "Boss, hii imekuwa nyeusi kama chai ya rangi. Tumwage yote." Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. DOT 4, moja ya madaraja ya mafuta hayo, ikiwa mpya inatakiwa kuvumilia angalau nyuzi 230 kabla ya kuchemka. Ikishanyonya maji, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Ukienda nayo kazini kila siku huenda usihisi lolote. Uwanjani, ambako unakanyaga breki kila baada ya sekunde chache, ikichemka inatoa mvuke, mvuke unabinywa, na pedali inazama. Tena joto hupanda haraka kuliko mwendo: kusimamisha gari lililo kwenye kilomita 85 kwa saa kunazalisha joto maradufu ya kulisimamisha likiwa kwenye 60. Tukaweka DOT 4 ya chupa mpya, tukatoa hewa magurudumu yote manne, tukafunga pedi mpya za mbele. Hiyo ndiyo kazi kubwa niliyoilipia mwaka huu, na kwa maoni yangu kila anayeanza aanzie hapo.

Kwa matairi nimenunua geji ya upepo na kipande cha chaki. Napima upepo tairi likiwa baridi, napima tena mara tu nikitoka uwanjani, kwa sababu joto huupandisha. Chaki napaka mstari kutoka kwenye meno ya tairi kushuka ubavuni. Baada ya raundi kadhaa naangalia mstari umefutika hadi wapi. Ukifutika mpaka chini ubavuni, tairi linalala kwenye kona, naongeza upepo kidogo. Ukibaki mzima hata pembezoni mwa meno, napunguza.

Lakini kilichonifunza zaidi ni gokati, vile vigari vidogo vya mbio, za kukodi pale Lang'ata. Gokati haina difu, zile gia zinazoruhusu gurudumu la kushoto na la kulia kuzunguka kwa kasi tofauti. Magurudumu mawili ya nyuma yako kwenye ekseli moja ngumu, yanazunguka pamoja, na kwenye kona gurudumu la ndani halina budi kunyanyuka kidogo ili chombo kigeuke. Breki nazo ziko nyuma tu. Ukikanyaga ghafla huku usukani umekatwa, mkia unakupita. Kwa hiyo nilielekeza akili yote kwenye jambo moja: namna ninavyoachia breki.

Kona niliyoichagua ni ile inayojikunja zaidi. Nilikuwa nikifunga breki, nikiiachia yote kwa mkupuo, kisha ndipo nakata usukani. Sasa nafunga kwa nguvu gokati ikiwa imenyooka, kisha kadiri ninavyokata usukani ndivyo mguu unavyorudi juu, polepole, mpaka breki inaisha karibu na ncha ya ndani ya kona. Tairi lina mshiko wenye kikomo. Unachokitumia kusimama hakibaki kwa ajili ya kugeuka, na mguu ndio unaogawa. Siku ilipokubali nilisikia tofauti mgongoni kabla ya kuiona kwenye muda: hakuna tena ule mtikisiko wa kuingia konani, chombo kinajikunja chenyewe, na naweza kukanyaga mafuta mapema. Macho nayo yana kazi. Nikifika mahali pa breki tayari naitazama ncha ya kona, nikiifikia ncha naangalia njia ya kutokea.

Starlet inavuta kwa mbele, na somo hilo limehamia humo vizuri. Breki inayoachiwa taratibu huacha uzito kwenye magurudumu ya mbele, basi pua inageuka badala ya kusukumwa nje.

Muda napima kwa simu. Simu nyingi huandika mahali ulipo kwa setilaiti mara moja tu kwa sekunde, na kwa kilomita 72 kwa saa hiyo ni mita 20 kati ya nukta na nukta. Kwa hiyo sibishani na tofauti ndogo sana. Naangalia kama raundi zangu zinakaribiana. Raundi zinazofanana zinaniambia mengi kuliko moja ya bahati. Video ya simu iliyofungwa karibu na miguu inasaidia pia, maana inauonyesha mguu bila kuuonea huruma.

Barabarani, Southern Bypass au kwingineko, sifanyi zoezi lolote la mwendo. Watu wanavuka, boda zinachomoza. Ninachofanya huko ni kushusha gia kwa ulaini, nikilinganisha mzunguko wa injini kabla ya kuachia klachi, kwa mwendo wa kawaida kabisa.

Kinachofuata: helmeti yenye alama ya Snell SA, kipimo cha helmeti za mbio za magari, kwa kuwa ile ya pikipiki haikupimwa kwa moto. Baada ya hapo naanza kuwekea akiba seti ya matairi.