Njia ndefu ndo inaamua utamaliza lini

Aisee kama unasimamia mradi, hata wa madarasa mawili tu, jifunze kwanza kuchora njia ndefu, mbinu iliyoanzia kampuni ya DuPont kule Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950. Unaandika kazi zote, kila moja siku ngapi na inasubiri nini, alafu unatafuta mnyororo wa kazi zinazosubiriana ulio mrefu kuliko yote, huo ndo njia ndefu. Mfano ukishamwaga zege la lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) huwezi kupandisha kenchi (fremu za mbao za paa) kesho yake, linamwagiwa maji kama siku 7 likomae, sasa hapo ndo fundi seremala anachonga milango. Milango ikichelewa siku 2 hamna shida kwa sababu haiko kwenye njia ndefu, ila mbao za kenchi ziko humo, zikichelewa mradi mzima umechelewa. Mi naifanya kwenye Excel tu, inatosha kabisa.