Mbwa kagoma kuingia, nyie mnaingia!

Jana usiku nimeangalia The Conjuring na mdogo wangu, taa zimezimwa kwa ubishi wake. Ni filamu ya kutisha ya 2013 ya mwongozaji James Wan. Mwaka 1971, familia ya Perron, baba, mama na mabinti watano, wanahamia nyumba kuukuu ya shambani huko Rhode Island, Marekani. Mbwa wao anagoma kuingia ndani. Jamani, mbwa akigoma mlangoni, magodoro unayashusha ya nini?

Damu si nyingi. Kinachotesa ni kusubiri. Watoto wana mchezo wa kujificha: anayetafuta hufungwa kitambaa machoni, na anaruhusiwa kuomba makofi mara tatu ajue walipo. Sasa zamu ya mama. Anapapasa ukutani, anafuata sauti hadi chumbani, kabati linafunguka lenyewe, na katikati ya nguo zinazoning'inia inachomoza mikono miwili. Pa! Pa! Kumbe bintiye anayecheza naye yuko chumba kingine kabisa. Hapo huyo mbishi wa taa alishanivuta shuka lote.

Saa zote ndani ya nyumba zinasimama saa 9:07 usiku. Acha tu.

Mwishoni, kwenye kupunga pepo, kelele zimezidi kwa maoni yangu, ila Lili Taylor kama mama kaitendea haki. Na Bathsheba, mzuka wa mchawi unaoitesa familia hiyo, kachezwa na mwanaume, Joseph Bishara, ambaye ndiye mtunzi wa muziki wa filamu hiyo hiyo! Ya pili naangalia mchana, sebuleni, watu wamejaa.