Hatua Mbili Mbele Yangu

Jana jioni kijana wangu alisimama mlangoni akiwa amemshika mdogo wake mkono, akaniuliza: "Mama, tukifika njiani, nimwache atangulie?" Ni swali la kawaida kwa mtoto wa miaka tisa aliyetumwa kununua chumvi, naye hakujua kwamba amegusa jambo ambalo sijawahi kulimaliza moyoni. Ilinibidi nikae kwanza.

Mwaka 2017 yeye ndiye aliyekuwa akitangulia. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi kumi, na kila asubuhi, kabla jua halijapanda, nilimfungulia lango nikamwacha achague: kushoto kuelekea kwa mshonaji, au kulia kuelekea barabara kubwa inayokwenda kwenye mzunguko wa Chukudu. Mtaa wetu uko Goma, mashariki mwa Kongo. Nyumba zimesimama juu ya lava iliyoshuka kutoka volkano ya Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002, njia zenyewe ni mawe meusi yenye makali, na mtoto anayejifunza kutembea juu yake huchubuka magoti kila siku. Wangu alichuchumaa mbele ya mawe hayo moja baada ya jingine, akitia kidole katika vitundu vyake, na mwendo ambao mimi peke yangu ningeumaliza kwa dakika tano ulituchukua karibu saa nzima.

Kumwacha aongoze hakukuwa kumwachilia. Hakuruhusiwa kuwa mbele yangu zaidi ya hatua mbili, yaani pale ambapo mkono wangu ungemfikia nikiinama. Mimi nilitembea upande wa magari siku zote, na kwa kuwa kwetu magari hupita kulia, tulishika ukingo wa kushoto ili tuyaone yakija, ingawa pikipiki za Goma hutokea popote. Mtoto wa umri huo husikia mlio, lakini hawezi kupima umbali wala kasi, na dereva naye hamwoni mtu asiyefika kiunoni mwa mama yake, hasa akitokea nyuma ya gari lililoegeshwa. Kwa hiyo pale njia yetu inapokutana na barabara kubwa, kwenye mfereji, tulikuwa na neno moja: simama. Nikilisema, yeye aliinua kiganja cha kulia kama polisi wa barabarani, tukangoja, kisha akashika kidole changu tukavuka. Tulirudia hivyo kwa wiki nyingi, hata ikafika siku akawa anainua kiganja kabla sijasema neno.

Asubuhi ninayoikumbuka, jirani alinisalimu. Salamu za kwetu hazikatizwi. Nilijibu habari za nyumbani, za mgonjwa na za safari nikiwa nimegeuza shingo. Nilipotazama njia tena, mtoto alikuwa mbele yangu hatua sita au saba, amefika mferejini. Wakati huohuo nilisikia kishindo cha magurudumu ya mbao. Ilikuwa chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, mojawapo ya zile zinazoshuka kutoka Kibumba na magunia ya viazi, mwenyewe amepiga goti juu yake huku akipaza sauti: "Njia! Njia!" Chukudu ikishapata mteremko na mzigo wa namna hiyo, haiwezi kusimamishwa papo hapo.

Hapo ndipo ninapokwama kila nikikumbuka. Niliuona mgongo wake ndani ya sweta ya rangi ya chungwa. Niliona viatu vyake viwili vimekaa sambamba kwenye ukingo wa mfereji. Niliona mkono wa kulia ukianza kupanda, kiwiko kwanza, kisha vidole vikifunguka. Hayo yote niliyaona, na bado miguu yangu ilikuwa imeshakimbia, na mkono wangu ulikuwa umeshamkamata juu ya kiwiko na kumnyanyua hata miguu yake ikaning'inia hewani. Chukudu ikapita, ikapeperusha kitenge changu, ikaacha harufu ya udongo mbichi wa viazi. Mtoto hakuitazama. Alinitazama mimi, kiganja chake kikiwa bado wazi, na ulipita muda kabla hajaanza kulia.

Mama muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, aliyekuwa ameketi ng'ambo ya mfereji na beseni lake, alisema kwa upole: "Mama, mtoto alikuwa amesimama."

"Nimeona, Mama," nikamjibu.

Kwa zaidi ya wiki mbili hakutaka kutangulia. Nikifungua lango, alininyooshea mikono yote miwili nimbebe, na mama yangu mzazi alifurahi, kwa maana hakuwahi kuona sababu ya mtoto mdogo kumwongoza mtu mzima katikati ya pikipiki. Tulianza upya katika ua wa parokia, ambamo magari hayaingii, kisha vichochoroni, na mwishowe mferejini, ambako alikubali kuinua kiganja huku mkono wa pili umeng'ang'ania kitenge changu.

Kama angebaki amesimama hadi chukudu ipite, sijui. Mtoto wa miezi ishirini na miwili anaweza kusimama vizuri kabisa, kisha akaona kifuniko cha chupa kinang'aa ng'ambo akakifuata. Nikirudishwa mahali pale, nitamnyakua tena. Lakini yeye alikuwa ametimiza sehemu yake ya mapatano, na mimi ndiye niliyeivunja yangu, nilipozihesabu salamu nikaacha kuzihesabu hatua. Sikuwahi kumwomba radhi kwa sababu hakuwa na maneno ya kuelewa, na sasa anayo, ila hakumbuki chochote.

Alikuwa bado anangoja jibu, mdogo wake akimvuta kuelekea langoni. Nilimwambia amwache atangulie, hatua mbili tu, naye akae upande wa magari. Kisha nikatafuta viatu vyangu.